Jibu la Mara ya Tatu

Mwambani, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Salamu utakuwa umeshiba nazo leo. Tangu asubuhi unapita nyumba hadi nyumba kuaga, na nawajua shangazi zako, hakuna hata mmoja atakayekuachia utoke kwake bila kula. Kwa hiyo za kwangu nazifupisha. Nakupenda, nimekwisha kulia, nimenawa uso, na sasa nimekaa kuandika.

Mambo ya safari hayamo humu. Nguo, dawa ya tumbo, jina la mama mwenye chumba ulichopanga huko Kismayu, yote yako kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya sufuria ndogo. Babako amekwenda kukushikia kiti cha mbele kwenye gari la alfajiri, na unamjua, hatarudi mpaka ajue dereva ni mtoto wa nani na babu yake alizikwa wapi. Nimebaki peke yangu, na saa hii nimeichagua makusudi. Nikingoja urudi nitakutazama usoni, nitaogopa, nitaanza kukuhadithia habari za sufuria.

Nataka kuzungumza nawe jambo la jana.

Jana tulipokuwa tukila, binamu zako walikutania: msichana aliyesoma kama wewe, anakwenda kukaa ofisi ya mipango kupima viwanja vya wachu wengine, hata chake hana. Ukawajibu wali ungali mdomoni, tabia niliyokukataza tangu hujaota meno: "Nami sendi kupima tu. Naenda kutafuta faili. Nataka nimjue mchu aliyeandika kwamba bibi yangu alikubali." Wakacheka. Babako akainamia sahani yake. Mimi nikainuka kwenda kuleta maji, na wewe ukaniita, "Mama, mai haya hapa mbele yako." Nilikwenda jikoni hata hivyo. Nikasimama huko nimeshika kikombe kitupu.

Faili hilo lipo, mwanangu. Nakala za maamuzi ya baraza letu la mji hupelekwa Kismayu, na ofisi utakayoanza kazi ndiyo inayozitunza. Hutahangaika kulitafuta. Fungua ukurasa wa nne, teremka mpaka chini, pana sanduku lililoandikwa "Maoni ya majirani". Ndani yake utasoma: "Majirani wamesikilizwa. Hawana pingamizi." Mwandiko utaujua. Ndio uliokuandikia jina lako kwenye daftari lako la kwanza la chuo cha Kurani, na ile herufi ya r yenye mkia uliyokuwa ukiicheka.

Ni mimi, Rukia.

Weka barua chini kidogo kama unataka. Mimi nimeiweka kalamu.

Nisikudanganye tena hapa ninapojaribu kuacha kudanganya: ningekuwa na hakika kwamba hutaliona faili hilo maisha yako yote, sijui kama ningeandika leo. Labda ningesema mwakani. Nimekuwa nikisema mwakani tangu ulipokuwa na miaka tisa. Lakini najua wewe ukitafuta kitu hukikosi, na sikutaka ukipate huko, umesimama peke yako baina ya makabati, na mimi huku nafua.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Nitakueleza na namna baraza linavyoamua, kwa sababu kesho kutwa utakuwa upande ule wa meza na hakuna atakayekueleza hivi.

Watu hudhani baraza huamua kwa hasira, au kwa undugu, au kwa kunong'onezana. Hayo yapo, na utayaona. Lakini mara nyingi baraza huamua kwa karatasi moja. Mtu analeta ombi la kujenga, pamoja na ramani. Tangazo linabandikwa mlangoni pa ofisi ya baraza na mlangoni pa msikiti. Siku za tangazo zikiisha, watu wawili watatu wa ofisi wanakwenda kukikagua kiwanja na kuwasikiliza majirani. Wakirudi, karani anakusanya yote na kuandika muhtasari. Kisha wajumbe saba wanakaa Jumanne, na mbele yao pana maombi kumi, na joto, na mjumbe mmoja ana mgonjwa, mwingine gari lake linamngoja. Mwenyekiti anasoma muhtasari tu. Anauliza, "Majirani?" Karani anajibu. Mikono inainuka, wanahamia ombi la pili. Ni muda mfupi kuliko wa kumenya vitunguu. Nyumba itasimama pale miaka mia, na mikono imekaa juu kwa muda wa kupiga chafya.

Karani nilikuwa mimi. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini.

Unaikumbuka furaha yangu wakati ule? Nilikushonea gauni kwa kitambaa kimoja na langu. Mimi ndiye niliyekuwa Mbajuni peke yangu ofisini, na nilichukuliwa kwa sababu naandika Kisomali vizuri na nazungumza na watu wetu kwa lugha yao. Nilikuwa najiona. Nikipita njiani na faili kwapani natembea kama nimebeba mtungi, shingo imenyooka. Na ndani nilikuwa naogopa kama kuku. Ofisini palikuwa na mabwana wawili waliozoea kusema watu wetu ni wazito, kitu kidogo wanakizungusha siku nzima, huwezi kupata kwao ndiyo wala la. Walisema kwa mzaha, na mimi nilicheka pamoja nao. Hilo la kucheka pamoja nao liweke akilini, ndipo mambo yalipoanzia.

Ombi lenyewe lilikuwa la nyumba arubaini za mawe, zenye ukuta mmoja, kwa ajili ya watu waliokuwa wakirudi kutoka makambini na ng'ambo. Mahali palipoombwa ni pale uwandani, ule uwanda wa ng'onda ulioko baina ya nyumba za mwisho na pwani, ambapo bibi yako na wanawake wenzake walikuwa wakipasua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika juu ya chanja. Kwenye ramani palikuwa peupe. Chanja ni vijiti na kamba, hakuna mpimaji anayechora vijiti. Wala hakukuwa na karatasi ya umiliki. Pale mtu alirithi chanja kwa mamake, na mamake kwa mamake, na kila mmoja alijua chake kinaishia wapi.

Tulikwenda siku ya Alhamisi, watu watatu: mwenyekiti wa baraza wa wakati ule, mpimaji, mmoja wa wale mabwana wawili, na mimi. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, si mtu mbaya. Wanawake walituona kwa mbali, na tulipofika mkeka ulikuwa umeshatandikwa, dele la kahawa liko motoni. Bibi yako alikuwa mbele. Mimi mwanawe nilisimama upande wa wageni, na alinipokea kama mgeni, akanipa kikombe kwa mkono wa kulia na kuniita "bi karani" na uso wake umetulia kabisa, ila pembe ya mdomo ilikuwa inacheka.

Mwenyekiti akaeleza. Nikafasiri neno kwa neno. Nyumba, ukuta, maji ya bomba, je, mna pingamizi? Bibi yako akawatazama wenziwe, kisha akasema, "Tumesikia, wanangu. Nyinyi ni wageni wechu, hamukosi kichu kwechu. Nywani kahawa. Ndooni tena."

Wewe Rukia, uliyekulia mapajani mwa bibi yako, huna haja ya kufasiriwa hayo. Umehudhuria posa ngapi? Wanakuja watu mara ya kwanza, wanakaribishwa, wanakunywa, wanaambiwa tumesikia, njooni tena. Hakuna mwenye akili anayetoka hapo akatangaza harusi. Mara ya pili wanaulizwa maswali. Mara ya tatu ndipo jibu linatoka, na hutoka likiwa limepikwa, kila mmoja ameshalionja. Mgeni hakataliwi usoni siku ya kwanza, na wala hakubaliwi. Mara ya kwanza bado hujaulizwa kitu, umefika tu.

Mimi nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Niliposwa mara tatu na babako, na mara ya pili mamangu alimwuliza maswali mpaka mjomba wake akatoka jasho.

Njiani kurudi mwenyekiti akaniuliza, "Wamesemaje?"

Nilikuwa na la kusema. Ningesema, hawajajibu, turudi mara mbili. Lakini nilimwona mpimaji amekwisha kuniangalia na kile kicheko chake cha pembeni, kile cha kusema watu wenu wanazunguka. Nikaona haya. Niliona haya, mwanangu, kwa ajili ya mamangu mzazi, na kahawa yake ingali kinywani mwangu. Nikasema, "Hawana neno."

Na lipo jingine, nalo ni dogo na ndilo linaloniuma zaidi. Niliipenda ile ramani. Kila nyumba ilikuwa na jiko lenye bomba ndani. Nilikuwa nimechota maji kichwani tangu utoto, nami nililitazama bomba lile la wino kwenye karatasi nikajiona nimesimama mbele yake, nalifungua, nalifunga. Hakuna aliyeniahidi nyumba, wala sikupata. Sikupewa hata pipi. Kama ningekuwa nimehongwa pengine ungenielewa kwa urahisi zaidi.

Jumanne wakakaa. "Majirani?" Nikasema, "Hawana pingamizi." Mikono ikainuka.

Sasa nakuja pahali ambapo na wewe ulikuwapo. Alhamisi iliyofuata bibi yako alifagia uwanda, akatandika mkeka mpya, akakaanga buni. Wewe ndiye uliyepanga vikombe. Ulirudi nyumbani jioni ukaniambia mmecheza kungoja wageni. Alhamisi ya pili akangoja tena. Alikuwa ameshazungumza na wenziwe, wamekubaliana maswali watakayouliza. Siku hiyo alikuja hapa nyumbani, akakaa hapo hapo nilipokaa mimi sasa, akaniuliza, "Wale wachu wako mbona hawayarudi?"

Nilimwambia wana kazi nyingi.

Wiki ile ile tingatinga likafika. Sina haja ya kukueleza, ulikuwa umeshika upindo wa shuka lake. Wanawake walikusanya chanja zao kimya, wakazifunga mafungu mafungu. Bibi yako alizifunga zake kwa kamba ya boti na akaenda nazo Chula kwa nduguye, akaanza kuanika huko. Wengine walikwenda Chovae. Wengine waliacha kazi, wakawa wanakaa kwa watoto wao. Watu walisema baraza limewala, wakubwa wamepanga, wameandika wenyewe kwamba wanawake wamekubali. Wewe ukalia siku tatu, ukasema ukikua utawashtaki. Nikakufuta machozi kwa mkono ule ule ulioandika.

Sikukuambia, na kila mwaka ulipopita ilikuwa vigumu zaidi. Ulikua ukiwachukia watu wasiokuwapo, nami nilikuacha uwachukie kwa sababu walikaa mbele yangu wakanificha. Ukasoma kwa hasira hiyo. Ukawa wa kwanza darasani kwa hasira hiyo. Nilipokuwa nikijivunia matokeo yako nilikuwa najua chuki ile ni haki yangu mimi, na wewe huna habari.

Zile nyumba zenyewe si dhambi, na usiingie ofisini ukidhani kila anayeleta ramani ni adui. Hibaq rafiki yako alikulia ndani ya ukuta ule. Mamake alikuwa ameishi kwenye turubai, na siku alipopewa ufunguo alilala sakafuni kwa furaha. Umefanya hesabu zako zote za shule kwenye taa yao. Mji wataka nyumba, watu wanarudi na watoto, wakae wapi?

Mimi nilibaki kwenye kazi ile. Labda unajiuliza kwa nini. Mwanzo nilibaki kwa woga, kwamba nikiacha nitaulizwa sababu. Baadaye nikabaki kwa kuwa nilianza kuifanya vingine. Nilianza kwenda mara tatu. Kila ombi, hata la mtu kuongeza choo. Mabwana wale wawili walinicheka, mwenyekiti akaniambia maombi yanachelewa, nikamjibu kwa ukali mpaka nikajishangaa, unajua mdomo wangu. Nikamwambia achague baina ya kuchelewa wiki tatu na kugombana miaka thelathini. Akaniacha, nadhani kwa kuchoka.

Nikueleze la Mzee Athmani na dirisha, maana hilo limenifundisha kuliko semina zote walizonipeleka. Athmani aliomba kujenga ghorofa. Jirani yake Bi Shamsa akapinga: dirisha litachungulia uani kwake, wanawe wa kike watafulia wapi nguo? Nilikwenda mara ya kwanza, kahawa, tumesikia. Mara ya pili Bi Shamsa alinipigia kelele nusu saa habari za dirisha, na ilikuwa kweli, nilipanda juu ya kuta nikaona ua wote mpaka ndani ya pipa la maji. Tukakubaliana dirisha lipandishwe juu ya kimo cha mtu. Nikadhani yamekwisha. Mara ya tatu nilikwenda kumtilisha sahihi tu. Akashika kalamu, akaiweka chini, akaanza kulia. Akasema, "Miaka ishirini nimempelekea mchuzi mkewe akiwa mgonjwa. Ameshindwa kuya yeye mwenyewe kunambia anajenga? Nisome mlangoni pa msikiti kama mchu wa mbali?" Nilikwenda kumwita Athmani. Alikuja na kofia mkononi. Walizungumza habari za marehemu mkewe mpaka kahawa ikapoa, na ghorofa ikajengwa, na dirisha liko juu. Ningeishia mara ya pili ningeandika kwamba tatizo lilikuwa dirisha.

Kwa hiyo kazini kwako ukipewa sanduku lenye nafasi ya maneno mawili, ndiyo au hapana, na mtu hajakupa hata moja, andika "bado". Andika kwa wino. Watakukasirikia. Mtu akikaa kimya mbele yako usimjazie maneno, nami nakuambia hivi kwa sababu nilimjazia mamangu. Na ukienda mahali ramani inaposema pako wazi, keti chini kwanza. Ungoje aje mwenye mahali. Atakuja, hata kama ni kukuuliza unataka nini.

Na watu wetu wakija ofisini wakizungusha maneno, na mwenzako kwenye meza ya pili akatabasamu, usicheke naye. Hata kidogo. Nakusihi hilo tu, mengine utajifunza.

Sasa la bibi yako.

Nilichukua miaka minne kabla ya kwenda kumwambia. Nilivuka kwenda Chula peke yangu, nikamkuta anageuza papa juu ya chanja, nikamwambia pale pale nimesimama, kabla hajanikaribisha, kwa kuwa niliogopa nikikaa nitanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono, akanitilia kahawa, akasema, "Nimesikia, mwanangu. Ndoo tena."

Unaweza kufikiri hali yangu kwenye boti ya kurudi.

Nilikwenda mara ya pili baada ya mfungo. Aliniuliza maswali. Aliniuliza kahawa ile ilikuwa na tangawizi au haikuwa, na nilikuwa nimevaa nini, na yule mpimaji alicheka vipi, nimwoneshe. Nikamwonesha. Akaniuliza kama kweli nilililia bomba. Nikasema kweli. Akatikisa kichwa akasema, "Mai yalikuwa mazito sana kwako, nilikuwa nakuona." Basi. Nikarudi tena bila jibu.

Mara ya tatu alikuwa anaumwa miguu, amelala. Aliniambia nikae kitandani kwake. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza, na ambacho baraza zima halikuwahi kukiuliza. Akanieleza tungerudi mpaka mara ya tatu wangejibu nini.

"Tungeliwapa," akasema. "Siswi twalikuwa tumesemezana. Wachu wanataka nyumba, tuwanyime? Tulitaka kipande cha upande wa pwani tu, hatua thelathini, tuanike. Na bomba moja nje ya ukuta. Ndilo jawabu letu. Nililiweka, nikangoja mchu wa kumpa."

Hatua thelathini, Rukia. Nimekwenda kuzipima. Pale pana ukuta sasa, na ndani ya ukuta pana mchanga mtupu ambao haukujengwa kitu mpaka leo. Zingetosha na kubaki.

Nililia mpaka yeye ndiye aliyenibembeleza, mgonjwa anambembeleza mzima. Kisha akanipa jibu langu. Akasema, "Yangu nimekusamehe, tangu zamani, nilikuwa nataka tu uulize mpaka mwisho. Lakini mtoto alipanga vikombe. Yake sina mimi ya kutoa. Kamwulize mwenyewe."

Hiyo ni miaka mingi iliyopita, nami nimekuwa nikikuuliza kama umekula, kama umefunika miguu, kama umesoma, kila kitu isipokuwa hicho. Wiki iliyopita ulipokwenda kumuaga, najua alikushika mkono muda mrefu. Ulirudi ukaniambia, "Bibi amenambia nikupe salamu, na kwamba siku zimebaki chache." Ulidhani anazungumza habari za uzee wake. Alikuwa ananihimiza mimi.

Nasikia sauti yako njiani. Unacheka na mtu, nadhani ni Hibaq, na mnakuja taratibu kama watu wasiotaka kufika. Nitaiweka barua hii chini ya dele dogo la shaba ambalo bibi yako amekupa, ndani ya mkoba wako, utalikuta Kismayu utakapotaka kupika kahawa yako ya kwanza. Sitakuona usoni utakaposoma, na hilo nalo ni woga, nalikiri. Kesho nitakubeba kwa dua mpaka garini na nitakuwa mtu wa sufuria na dawa ya tumbo, unisamehe kwa hilo dogo kwanza.

Mwanangu, nilimwandikia mamangu jibu ambalo hakulitoa, nikampotezea uwanda wake, na nikakuacha wewe utoto wako wote ukiwachukia watu wengine kwa kosa langu. Naomba unisamehe.

Usinijibu kwa simu. Usinijibu kwa sababu umenikumbuka usiku wa kwanza, wala kwa sababu umenikasirikia. Nitakuja Kismayu mwezi ujao, nitabisha hodi kama mgeni, na sitakuuliza kitu. Unitilie kahawa, useme umesikia. Nitakuja tena, na siku hiyo uniulize maswali yako yote, hata ya tangawizi. Kisha nitakuja mara ya tatu.

Ukinyamaza baina ya hapo, nakuahidi, sitaandika kitu.

Mamako